Kitovu cha mtoto mchanga hakitaki dawa nyingi, kinataka mlinzi

Hii naiandikia wababa zaidi, lakini wamama karibuni pia. Bibi yangu alijifungua kwa upasuaji hapa Kisumu, na kama umewahi kuishi na mtu ametoka CS unajua mambo yake, kuinama hawezi, kucheka kunamuuma, kukohoa ndio usiseme, na kubeba kitu kizito kuliko mtoto amekatazwa. Basi nepi zikawa zangu. Na kwa vile kitovu kinakaa hapo hapo juu ya nepi, nacho kikawa changu, ndio maana nina maneno mengi juu ya kitu kidogo hivi ambacho wanaume wengi hawakiangalii mpaka waambiwe kimeanguka.

Niseme mapema: kitovu chenyewe hakina kazi nyingi. Kazi iko kwa watu. Kila anayeingia kuona mtoto na sukari na sabuni mkononi ako na dawa yake ya kitovu, na kila dawa iko na ushahidi, ati fulani alipakwa hiyo hiyo na saa hii ako chuo kikuu. Sasa ukiwa hujui ni nini kinaendelea pale tumboni kwa mtoto utakubali kila kitu, kwa hivyo anza kwa kuelewa.

Ile kamba ya kitovu ilikuwa na mishipa mitatu ya damu, mmoja wa kumletea mtoto damu yenye chakula na hewa na miwili ya kurudisha kwa kondo la nyuma. Ikishakatwa na kubanwa na ile klipu ya plastiki, damu haipiti tena, kinachobaki ni kipande kinachokufa na kukauka. Mwanzoni kiko cheupe cheupe, kinyevu, kinateleza, halafu kinageuka kahawia, halafu cheusi na kigumu na kinanywea. Ukiona kimekuwa cheusi usipige simu usiku, ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Pia hakina neva, ukikigusa mtoto hasikii uchungu, akilia ni vile umemvua nguo na maji yako baridi. Watoto wengi kinaanguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili, wengine kinaenda mpaka ya tatu. Kikipita wiki tatu bado kimeshikilia, peleka mtoto kliniki waangalie, sio lazima iwe ni shida lakini waangalie.

Hapo kwa shina kabla kiachie kutakuwa na kitu kama uteute, unata kidogo, rangi ya njano njano hivi, na siku za mwisho kunaweza kuwa na kaharufu kidogo na hata tone la damu kwa nepi. Mimi hilo tone lilinishtua sana, lakini nasi, yaani muuguzi, alikuwa ameshatuambia wodini kwamba tone moja mbili ni kawaida kwa sababu kinang'oka polepole, kisicho kawaida ni damu isiyokoma.

Dawa sasa. Hapa Kenya hospitali nyingi wanatumia jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, tyubu ndogo imeandikwa asilimia 7.1. Mkipewa, unanawa mikono kwanza, unapaka kuanzia ncha ukishuka mpaka kwa shina na ngozi ya pale karibu, mara moja kwa siku kwa siku 7, unaacha ikauke kabla ya kufunga nepi. Basi. Usishangae kitovu kikichelewa kidogo kuanguka ukiitumia, hiyo inajulikana. Na kama mlijifungulia hospitali hamkupewa jeli yoyote, msianze kuzunguka maduka ya dawa Kondele mkitafuta, kuweka kitovu kisafi na kikavu kunatosha. Aliyejifungulia nyumbani ndio anafaa kufika kituo cha afya haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana, mtoto aangaliwe na aulizie hiyo jeli.

Lakini hapa nisikilize vizuri. Hiyo tyubu usiiweke pamoja na dawa ya macho. Mtoto anaweza kupewa mafuta ya macho akizaliwa, nayo yako kwa katyubu kanafanana, na Shirika la Afya Duniani lilishatoa onyo juu ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika walioumizwa macho vibaya kwa sababu mtu alichanganya akaweka klorheksidini kwa jicho. Saa nane za usiku, stima imepotea, uko na tochi ya simu kwa meno, unaweza kuchanganya hata wewe. Mimi nilifunga ya kitovu kwa mfuko wake nikaiweka kabati tofauti kabisa. Ikiingia kwa jicho osha hapo hapo na maji mengi safi na ukimbie hospitali.

Kuhusu nepi, ikunje mbele iwe chini ya kitovu, kitovu kibaki nje kinapata hewa. Kama ni kijana, kabla ufunge elekeza kale kamrija kake chini, la sivyo atakojoa kuelekea juu na kitovu kitalowa kila saa, hiyo hakuna mtu alikuwa ameniambia na nadhani ndio ushauri wa maana zaidi kwa hii makala yote. Kikilowa mkojo au kikipakwa choo, osha na maji safi na sabuni kidogo isiyo kali, kausha na kitambaa safi kwa kugusa gusa, usisugue, usivute. Hata kikibaki kinaning'inia kwa kauzi kamoja usivute. Najua mikono inawasha. Usivute.

Kuoga subiri angalau masaa 24 baada ya kuzaliwa, na mpaka kitovu kianguke mpanguze tu na kitambaa na maji ya vuguvugu, sio kumtumbukiza kwa beseni. Na joto hili letu la Kisumu jameni, hakuna haja ya fulana tatu, sweta na shali mbili, jasho lote linateremka pale tumboni na kitovu kinakaa kibichi. Kanguo kepesi kalikolegea na neti ya mbu juu yake. Nguo za mitumba za soko la Kibuye ni nzuri na mimi ni mteja wa kudumu, lakini zifue, zianike jua kali na uzipige pasi kabla ya kumvalisha.

Haya, turudi kwa watu.

Mamangu alitoka Kakamega kuja kutusaidia, na kusema ukweli bila yeye hatungeweza, alipika, alifua, alimkanda bibi yangu miguu. Lakini siku ya kwanza alifungua mtoto, akaangalia, akaniuliza, "Baba, mbona hiki kitovu hamjakiwekea kitu?" Akilini alikuwa na jivu. Zamani kwao jivu la jikoni lilikuwa ndio dawa, linakausha, na wengine huko walikuwa wanatumia mavi ya ng'ombe au udongo wa ukuta, na huwezi kumwambia mama aliyelea watoto wake wote wakakua kwamba hajui kulea. Ukimwambia hivyo amenyamaza, halafu wewe ukienda kazini jivu linapakwa.

Kwa hivyo sikubishana. Nilimwambia, "Mama, daktari amekataza tusiweke kitu, na tukirudi kliniki ataangalia, akipata kitu hapo ni mimi atagombanisha." Daktari abebe lawama, hiyo ndio siri. Nikamwonyesha tyubu ya jeli, akaona kumbe kuna dawa, sio eti tumemwachilia mtoto hivi hivi, na nikamwambia wewe mama ndio utakuwa unanikumbusha saa ya kupaka. Akawa askari. Jirani alikuja na habari ya dawa ya meno, mama yangu ndiye alimfukuza, "Hapana, daktari amekataa."

Ilibaki jambo moja. Mtoto wetu ni kijana, na kuna ile imani, sio ya kwetu tu, iko karibu kila mahali, kwamba kitovu kikianguka kikagusa sehemu zake za siri hatazaa akikua. Haiwezekani, kikianguka ni kipande kikavu kilichokufa, hakina uhusiano wowote na mambo ya uzazi. Lakini nilifikiria, kwani nikibishana napata nini? Nepi ikikunjwa chini ya kitovu vizuri, kitovu hakigusi huko. Anachotaka mama na anachotaka nasi wa kliniki ni kitu kimoja! Tukakunja nepi kwa nidhamu ya jeshi na kila mtu akalala na amani yake. Kilipoanguka mama alikifunga kwa karatasi akaenda nacho nyumbani kukizika, nikampa nauli. Hilo halimuumizi mtoto, sikuona sababu ya kumkatalia.

Jivu na mavi ndio nisingekubali hata kwa ujanja, na sababu ni pepopunda. Wadudu wake wanaishi kwa udongo na kinyesi cha wanyama, na kitovu kibichi ni mlango wazi. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, halafu kuanzia siku ya 3 hivi anashindwa kunyonya, mdomo unakaza, mwili unakuwa mgumu, anashikwa na mishtuko ukimgusa au kukiwa na kelele. Wazee wetu walizika watoto wengi hivyo, wakasema ni kurogwa au jicho la mtu. Kenya ilithibitishwa mwaka wa 2018 kwamba imeondoa pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya umma, lakini wadudu wenyewe bado wako kwa shamba, kilichobadilika ni sindano wamama wanadungwa wakiwa kliniki na kujifungua mahali pasafi. Kama bibi yako ni mjamzito saa hii, fungua kitabu chake cha kliniki uangalie kama hizo sindano zimeandikwa.

Haya mengine nitapita haraka. Poda, hapana. Mafuta ya kujipaka, hapana, yanafungia unyevu ndani. Mate, tafadhali. Spiriti watu wengi bado wanaipenda kwa sababu ndio walifundishwa zamani, lakini inachelewesha kitovu kuanguka na haishindi kukiacha tu kisafi na kikavu. GV, ile dawa ya maji ya zambarau, inaficha rangi ya ngozi, sasa hata kukiwa na ugonjwa utauonea wapi? Maziwa ya mama, wengine wanayakamulia pale, mimi naona mdomo wa mtoto uko karibu tu, yapelekwe huko. Na usifunge tumbo na kitambaa au bandeji.

Cha kuogopa ni hiki. Ngozi inayozunguka kitovu ikianza kuwa nyekundu na wekundu unatambaa, ikivimba, ikiwa na joto, usaha ukitoka, harufu mbaya ya kuoza, hiyo ni infeksheni. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi kama kwa picha za mtandaoni, angalia ngozi kung'aa, kuvimba, kugeuka rangi, na gusa uone kama pana joto kuliko tumbo lingine. Mimi nilikuwa napiga picha na simu kila asubuhi hapo dirishani kwa mwangaza, ili nikiwa na wasiwasi nilinganishe na ya jana, kwa sababu usiku na tochi kila kitu kinaonekana kibaya. Mtoto akiwa na joto la 37.5 kwenda juu, au amekuwa baridi isiyo ya kawaida, amekataa kunyonya, amelegea haamki vizuri, anapumua mbio, au ameshtuka shtuka, usingoje asubuhi, usipitie duka la dawa kununua antibayotiki, ita boda au jirani mwenye gari muende hospitali. Mtoto mchanga infeksheni inaweza kutoka kwa kitovu ikaingia kwa damu ndani ya masaa. Damu isiyoacha ni hivyo hivyo, shikilia na kitambaa safi mkiwa njiani.

Kikishaanguka kidonda kinabaki kibichi siku chache, endelea kukausha, na hapo sasa beseni linaruhusiwa. Ukiona kinyama kidogo cha waridi kinabaki na kinatoa majimaji, sio hatari kubwa lakini kliniki wana dawa yake, usijichomee nyumbani.

Na kuna watoto kitovu kinatokeza nje, hasa akilia kinajaa kama puto. Hiyo ni henia ya kitovu, watoto wetu Waafrika wanayo sana, na mingi inajifunga yenyewe mtoto akifika miaka 4 au 5. Ile ya kubandika shilingi ishirini na plasta haisaidii, inaumiza ngozi tu, lakini utaambiwa, jitayarishe. Ikiwa ngumu, hairudi ndani ukiibonyeza polepole, mtoto analia bila kunyamaza au anatapika, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.