Yule bibi mkali wa Desperate Housewives
Unaulizia yule jirani mzee mwenye mdomo kwenye tamthilia ya Kimarekani Desperate Housewives, Bi McCluskey, kaigizwa na nani na kama huyo mwigizaji aliigiza tangu ujana? Anaitwa Kathryn Joosten, na hapana, alichelewa sana kuanza yaani. Alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili huko Chicago, akaachana na mumewe akabaki na watoto wawili wa kiume wa kulea, uigizaji kaanza na miaka 42 kwenye maigizo ya mtaani tu, alafu 1995 ndo akahamia Hollywood, ana miaka zaidi ya 50! Umri ambao wenzake wanawaza pensheni yeye anazunguka na odishini.

Akawa anapata vipande vidogo vidogo, sijui jaji, sijui jirani, mpaka 1999 akapata tamthilia ya West Wing, inayohusu Ikulu ya Marekani, kama sekretari wa rais, yule mwenye kopo la biskuti mezani anayemgombeza rais kama mtoto wake. Mi kwangu hiyo ndo kazi yake bora kuliko zote, ingawa Emmy zake mbili (tuzo za TV za Marekani), 2005 na 2008, zote zimetoka kwa McCluskey.

Kinachouma ni mwisho, alikuwa anaumwa kansa ya mapafu kweli kweli, na waandishi wakampa mhusika wake kansa pia. Kwenye ile episodi ya mwisho Mei 2012 McCluskey anafariki kitandani akisikiliza santuri ya zamani, na wiki tatu tu baadae, Juni 2, Kathryn mwenyewe akafariki na miaka 72.