Kilometa 30 kwa saa 7: mbona muda mwingi hivyo?

SWALI: Shikamoo kocha. Nimezoea mbio za barabarani, na kilometa 30 huwa namaliza kwa saa 3. Sasa nimejiandikisha mbio za milimani, nimetumiwa karatasi inayosema: "km 30, D+ 1,500, katiofu saa 7, swipa, dropu begi km 18." Vijana wa kundi letu nao wanacheka kwamba nitabonki nipate DNF. Saa 7 zote za nini? Na hii ni lugha gani?

JIBU: Marahaba. Tuanze na D+, maana ndiyo yenye jibu la hizo saa 7. Ni jumla ya mita zote utakazopanda njiani, si urefu wa mlima. Ukipanda mita 300, ukashuka bondeni, ukapanda tena 300, D+ yako ni 600. Jumuiya ya kimataifa ya mbio hizi, ITRA, huhesabu kila mita 100 za kupanda kama kilometa moja ya ziada. Kwa hiyo ongeza 15 kwenye 30 zako: ni kilometa 45. Kwa saa 7, hapo una dakika 9 na sekunde 20 kwa kila kilometa. Bado unaona ni nyingi? Na mawe, mizizi na utelezi sijavigusa. Njia yenye hayo wenyewe huiita "teknikali".

Katiofu ni muda wa mwisho. Angalia kama vituo vya njiani navyo vina katiofu zake, kwa sababu ukichelewa kimoja tu unasimamishwa, na jina lako linaandikwa DNF: alianza, hakumaliza. Swipa ndiye anayefunga msafara. Ukimwona mgongoni kwako, kazana.

Dropu begi ni mkoba unaoukabidhi mwanzoni ukaukute kilometa ya 18. Tia soksi kavu na chakula. Muuza viatu akikutajia "dropu ya milimita 8", hiyo ni nyingine kabisa: kisigino kiko juu ya vidole kwa kiasi hicho.

Kubonki ni kuishiwa chaji. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini imekwisha, miguu inakuwa ya mtu mwingine, unalikasirikia hata jiwe. Usingoje njaa. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa tangu saa ya kwanza. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25.

Kuna neno hukuandikiwa lakini utalisikia: pawa haiki. Ni kutembea mlimani kwa nguvu, mikono ikisukuma mapaja. Watu wa barabarani mnaona haya kutembea ndani ya mbio. Acheni. Kwenye UTMB, mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya, za kilometa 170 hivi na D+ ya karibu 10,000, hata wa mbele hutembea kwenye miinuko mikali.

Halafu iulize hiyo karatasi kuhusu D-, yaani mita za kushuka. Kama mnamalizia pale pale mlipoanzia, nazo ni 1,500, na mapaja yako ya lami hayajawahi kuziona. Tafuta kilima wiki hii, ukipande kwa kutembea, mazoezi yawe ni kukishuka.