Sindano ya mgongo imeisha nguvu, usiku bado mrefu: niongeze mofini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya. Mama akijifungua kwa upasuaji namchoma bupivakaini nzito (dawa ya ganzi) ya mgongoni, na fentanili (ya kutuliza maumivu) ikiwepo. Anatoka chumba cha upasuaji ametulia, lakini jioni maumivu yanamzidi hata kumweka mtoto ziwani hawezi. Mwenzangu anasema niongeze mofini, nayo ya kutuliza maumivu. Tunazo ampuli za mg 10. Ni sawa? Kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Fentanili haijakosea. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya upesi na kuondoka upesi. Mikrogramu 10 hadi 15 humkinga mama na ule mvuto wakati mfuko wa uzazi unashonwa, na baada ya saa chache imekwisha. Mofini hupenda maji: hukaa kwenye maji ya uti wa mgongo, huchelewa kuanza, kisha hushika saa 12 hadi 24. Inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno, anyonyeshe tu.

Kiasi ni mikrogramu 100. Zaidi ya 150 utaongeza kuwashwa na kutapika kuliko nafuu.

Sasa ampuli yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Soma lebo: ikiwa na kemikali ya kuhifadhi dawa, isiguse mgongo wa mtu. Kama haina, kumbuka unahitaji sehemu 1 ya 100 ya ampuli hiyo. Ikiwa ni mg 10 kwenye ml 1, ongeza ml 9 za maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi upate mg 1 kwa kila ml, halafu vuta ml 0.1 kwa bomba la ml 1. Mtu wa pili ahesabu nawe kwa sauti. Nukta ikihama mara moja, mama amepata dozi mara 10.

Hatari yenyewe huja usiku, saa nyingi baada ya wewe kuondoka: mama husinzia na pumzi hupungua. Mimi simpi mofini mama ambaye wodini hakuna wa kuhesabu pumzi zake kila saa kwa saa 12, na naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, ikiwa karibu. Usiku huo pethidini, ya jamii moja na mofini, isiandikwe juu ya mofini hiyo. Mwambie pia mapema kwamba pua na uso vitamwasha, asidhani ni mzio.

Wodi yako ina muuguzi mmoja kwa akina mama wengi? Basi acha mofini, bila kuona umemnyima kitu. Mwombe daktari achome bupivakaini kwenye kidonda kabla ya kufunga ngozi. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, pamoja na diklofenaki kama figo ni nzima na havuji damu, zianze mama akiwa bado na ganzi. Zitolewe kwa saa zake zilizopangwa, wasingoje alie. Hata aliyepata mofini anazihitaji.

Na ampuli za asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ziondoe kabisa kwenye trei ya mgongo. Hufanana na za bupivakaini, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa sababu zilikuwa zikichomwa mgongoni kimakosa na kuua. Ziweke kabati lingine, leo.