Panzi wa kichaka kimoja: mama wa Moshi ana wasiwasi na mahindi yake

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijana wangu yuko masomoni Arizona, Marekani, kanitumia video WhatsApp, jangwa tupu na vichaka, ndani yake kuna kapanzi ka kijani kana madoa meupe na unasikia tik tik tik mfululizo. Sasa mimi nina shamba la mahindi huko porini, na nzige wa 2021 walivyofika Simanjiro na Longido sijasahau. Hao wakija huku si tumekwisha? Halafu, wanaliwa kama senene? – Mama Mkulima, Soweto, Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Mahindi yako yako salama kabisa, huyo wa kijani hata ungemletea gunia zima asingehangaika nalo. Kwa maelezo yako ni Bootettix argentatus, panzi wa majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na chakula chake ni mmea mmoja tu, kichaka wanachokiita kriosoti. Panzi wengi wanakula hiki na kile, huyu hapana, anaishi humo anakula humo anaolea humo, na yale madoa meupe ndo yanamfanya apotee kabisa kwenye vile vijani vidogo vinavyong'aa.

Kinachong'aa ni utomvu, na hapo ndo utamu wa stori. Ndani yake kuna asidi inayovuruga mmeng'enyo wa protini, inafika asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa jani kavu, yaani kichaka kinajilinda kwelikweli, wadudu wengi wakionja wanaacha. Ila utafiti uliotoka 1988 ukaonyesha huyu bwana asidi hiyohiyo ndo inamfungua hamu ya kula! Ujanja huo una bei yake lakini, pasipo kriosoti na yeye hayupo. Bahati yake kriosoti si mmea wa kufa leo, huko jangwa la Mojave, California, kuna kimoja kinakadiriwa kina miaka kama 11,700, kinachipua pembeni tu kinaendelea.

Sasa hiyo tik tik mama, nadhani uliyemwona na uliyemsikia ni wawili tofauti. Kwenye kriosoti hiyohiyo anaishi pia Ligurotettix coquilletti, wa rangi ya kijivu, anakaa kwenye vijiti siyo kwenye majani. Dume anashika kichaka chake, anagonga tik tik kuita majike, na dume mwingine akisogea ni ugomvi, utadhani wamegombania kihamba, shamba la ukoo. Tena huyu anachagua vichaka vyenye asidi kidogo, kinyume na mwenzie.

Nzige wa 2021 ni habari nyingine. Wale ni nzige wa jangwani, wakibanana wengi pamoja wanabadilika rangi na tabia, wanaunda kundi wanasafiri na upepo wanakula karibu kila kijani wanachokikuta. Huyu wa Arizona kwanza ataenda wapi, wakati chakula chake kiko kichaka kimoja?

Na kumkaanga, hapana. Senene ni ukoo mwingine, ana vipapasio virefu vyembamba kichwani, huyu vyake vifupi, na mdudu anayeshinda anakula utomvu ule mimi kwenye kikaango changu simweki.