Jibu: Anajua Python kidogo, aingie darasa la juu la programu?

Umeuliza kama binti yako wa sekondari, anayejua kidogo Python (lugha ya kuandikia programu), aingie darasa la juu la programu sasa au asubiri chuo, na kazi gani ziko mbele. Aingie, mradi anaweza kueleza kwa maneno yake kila mstari alioandika.

Darasa la juu si kuongeza lugha nyingine tu. Anafundishwa kupanga data na kupima kasi ya suluhisho. Chukua orodha ya majina 1,000,000, unatafuta jina moja. Ukipitia moja moja, unaweza kulinganisha mara milioni nzima. Orodha ikiwa imepangwa kialfabeti, unaanzia katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia; mara 20 hivi zinatosha. Aandike programu ya mbinu hiyo mwenyewe, ahangaike na kosa la kukosea kwa nafasi moja mwanzoni au mwishoni mwa orodha (karibu kila mtu hulifanya). Kwa hiyo muulize mwalimu: wanafunzi wanaandika programu au wanatazama slaidi? Kama ni slaidi, okoa ada yako.

Hesabu asiziache. Akipenda mashindano ya kuandika programu, kuna Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, iliyoanza 1989. Huko lugha ya C++ ndiyo hutawala.

Kazi haziishii kwenye tovuti: kuna usalama wa mitandao, uchambuzi wa data, upimaji wa programu, hata programu zinazoendesha magari na mashine za hospitali. Ila cheti peke yake hakitoshi. Waajiri wengi watataka kuona alichotengeneza, basi aanze mapema kuhifadhi kazi zake kwa Git (programu inayotunza kila toleo la kazi), hata zile mbovu.