Usikubali Gia Boksi Ishushwe Siku ya Kwanza

Gari lina namba E, rangi bado inang'aa, kilomita ni chache, lakini kwenye mlima linashtuka kama limeshikwa na mwanafunzi wa udereva. Kigoma tatizo la namna hiyo halifichiki. Kutoka stesheni ya reli kule chini ziwani hadi mitaa ya Mwanga ni kupanda tu, na ukienda Kasulu milima unaikuta tena. Gari ambalo Dar lingezunguka mwaka mzima bila kulalamika, huku linasema ukweli mapema.

Langu asubuhi lilikuwa safi kabisa. Mchana, likishapata moto, resi inapanda ila mwendo hauongezeki, kisha linatetemeka kwenye spidi ya arobaini hivi. Kwenye deshibodi hakuna taa. Fundi wa kwanza alilizungusha kidogo, akashuka akifuta mikono. "Bosi, hii gia boksi imekwisha. Tuagize nyingine Dar, wiki ijayo unaendesha."

Kwa injini namheshimu fundi yule. Lakini anayehukumu gia boksi kabla hajafungua hata nati ya oili, mimi namshukuru na kuondoka.

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni kutoka Japani yana CVT, na sisi tunayakimbilia hayo kwa sababu la zamani linabebeshwa ushuru wa ziada wa umri. CVT haina gia za kupangua kama tulizozoea. Kuna mkanda wa chuma na puli mbili zinazobana na kuachia, basi. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: DAF, hao hao tunaowajua kwa malori, walitoka na kigari cha mikanda ya mpira mwaka 1958. Sasa mkanda huo wa chuma haushiki puli kwa meno. Unashika kwa kubanwa, na kinachobana ni presha ya oili. Oili hiyo hiyo inalainisha, na hiyo hiyo inapoza. Ndiyo maana ukiweka haidroliki ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, ile nyekundu, mkanda unateleza, unazidi kupata moto, na kadiri unavyoteleza unajikwangua.

Langu lilipofunguliwa kwa fundi wa pili, oili ilitoka nyekundu. Iliyotakiwa ni ya kijani. Waliolifanyia "service" Dar kabla sijakabidhiwa walijaza walichokuwa nacho dukani. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani kitupu, lakini simu inatafsiri kwa kamera, kwa hiyo hata wewe huna haja ya kubahatisha: tafuta jina kamili la oili, usiishie kwenye "ya CVT", maana kila kampuni ina yake na hazichanganywi hovyo.

Kisha fundi akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Ndani yake kuna sumaku ndogo za kunasa chuma. Alikipitisha kidole juu ya moja, akaninyooshea: tope la kijivu, laini kama poda, halikwaruzi. "Hii ni kawaida, mkanda bado unapumua." Angekuta vipande vinavyochoma kidole, au oili ingenuka kuungua, mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa hiyo simama hapo hapo wakati sampu inashushwa, na piga picha za sumaku kabla hazijafutwa.

Oili sahihi sikuipata mjini, nikaiagiza Dar ikaja na basi. Kusubiri kunaudhi, hasa ukiwa na safari za Kasulu, lakini heri bodaboda kwa siku kadhaa kuliko kujaza "inayofanana". Na ujue kwamba ukimwaga, haitoki yote; sehemu kubwa inabaki ndani. Inabidi ujaze, uliendeshe gari, umwage tena, ujaze tena. Kipimo nacho kina masharti yake. CVT nyingi hazina kijiti cha kupimia, na oili hupimwa gari likiwa linanguruma mahali tambarare, joto la oili likiwa mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo anakisia, na oili ikizidi nayo ni tatizo.

Mtetemo wangu uliisha. Umebaki mlio mwembamba nikikanyaga sana, nimeamua kuishi nao.

Kabla ya hayo yote, lakini, hakikisha ni gia boksi kweli. Koili au plagi mbovu inashtua gari mlimani vile vile. Betri iliyochoka na waya wa ethi uliolegea vinaichanganya kompyuta ya gia. Mpira wa kushikilia injini ukikatika, utasikia kishindo kila ukiweka D. Hivi ni vitu vya bei ndogo. Mashine ya kupimia gari ikisoma namba ya hitilafu P0700, usikubali aliyekupimia aishie hapo: namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko. Malalamiko yenyewe yako kwenye namba nyingine, na mashine za bei rahisi hazizioni.

Tatizo linalojitokeza gari likishapata moto, mpelekee fundi gari likiwa bado na moto. Panda mlima kwanza, ndipo uende gereji. Na mtu akae pembeni arekodi video inayoonyesha resi na mwendo. Video hiyo ndiyo niliyomtumia muuzaji siku ile ile, pamoja na picha ya oili nyekundu. Alianza na "si ulilikagua mwenyewe kaka?", akamalizia kwa kulipa oili. Ufundi nililipa mimi. Bila picha nadhani nisingepata hata hiyo.

Likikufia njiani, usikubali livutwe kwa kamba na magurudumu yanayosukuma yakigusa chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, gia boksi inazunguka kavu. Tafuta lori libebe gari zima.

Na ikithibitika imekufa kweli, ya mtumba siyo dhambi, ila linganisha namba ya kibati cha gia boksi na yako, herufi kwa herufi. Uliza pia nani ataiunganisha na kompyuta ya gari, kwa sababu baadhi hazikubali mpaka zisomeshwe upya, na gereji zinazoweza kufanya hivyo huku kwetu ni za kutafuta. Jibu la swali hilo lipate kabla hujatuma pesa Dar.