Kumtetea Condoleezza Rice ni kumtetea dhalimu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Minnesota. Siku ya Idd el Hajj, Januari 2005, tulikuwa kwa shemeji yangu. Baada ya kula yakaanza mazungumzo ya Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Bush, na jinsi maseneta walivyomkalia kooni wiki ile kwa ajili ya vita vya Iraq, alipofika mbele yao ili apitishwe kuwa waziri wa mambo ya nje. Nikasema mama huyu huenda alipotoshwa na majasusi wake, lakini uongo haujamthibitikia. Shemeji akanijia juu: anayemtetea dhalimu ni dhalimu mwenziwe, na kafiri hana heshima ya kulindwa. Akanisomea aya ya 107 ya Suratun Nisaa. Mwanangu, aliyerudi kutoka vitani Iraq mwaka 2004 na mguu mmoja, alikuwa chumba cha pili. Akachukua magongo yake akatoka nje, kwenye theluji, bila koti. Je, nimekosa? Na kama mama yule alidanganya kweli, mguu wa mwanangu umekwenda kwa lipi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Nilitaka kuliacha swali hili, kwani mambo ya Washington yana watu wake. Kilichonikalisha kuandika ni hiyo aya aliyokusomea shemeji yako, maana naisikia ikisomwa hivyo hivyo kila mahali tangu vita hivi vianze.

Maneno ya Mwenyezi Mungu ni haki: "Wala usiwatetee wanaozikhini nafsi zao." Lakini shemeji yako amewahi kuuliza ilishuka kwa sababu gani? Wafasiri, Tabari akiwa miongoni mwao, wanaeleza kisa cha Tu'ma bin Ubayriq, mtu wa Madina aliyehesabiwa Mwislamu. Aliiba deraa ya chuma, kisha mzigo akatupiwa Yahudi. Jamaa zake Tu'ma wakaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wamsemee mtu wao. Zikashuka aya hizi kumsafisha Yahudi yule. Mwizi alikuwa wetu, aliyesingiziwa hakuwa wetu, na Qur'ani ikasimama na asiye wetu. Leo mtu anaichukua aya hiyo hiyo kuthibitisha kwamba asiye wetu anaweza kusingiziwa lolote! Hii si tafsiri, ni ghadhabu iliyovishwa kilemba.

Na kama hiyo haitoshi, asome Maida aya ya 8: chuki yenu kwa watu isiwapeleke kutofanya uadilifu. Aya haikusema hamna sababu ya kuwachukia. Huenda mnayo, na kwa yaliyowafika watu wa mji wa Falluja huko Iraq katika vita hivi sitamlaumu mtu kwa machungu yake. Machungu hayageuki ushahidi. Kumzulia mtu ni buhtani, yaani kumsingizia asilolitenda, awe anaswali au haswali. (Nasikia wapo waliomtukana kwa weusi wake. Huo ni ujahilia, siujibu.)

Sasa tuhuma yenyewe. Septemba 2002 Rice alisema kwenye televisheni kwamba mirija ya alumini aliyokuwa akiitafuta Saddam inafaa hasa kwa mpango wa silaha za nyuklia, na kwamba hawataki ushahidi uje kuwa wingu la bomu. Silaha hazikuonekana. Ripoti ya Duelfer, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Marekani huko Iraq, ya Oktoba 2004 ilisema hapakuwa na akiba yake, na Januari 2005 Ikulu yao ilithibitisha kwamba msako umekwisha. Tarehe 18 Januari, Seneta Barbara Boxer wa California akamwambia uso kwa uso kwamba utiifu wake kwa kazi ya kuivumisha vita uliishinda heshima yake kwa ukweli. Rice akaomba wazungumze bila kuugusa uaminifu wake. Seneta wenu wa Minnesota, Mark Dayton, yeye hakuzunguka: alizungumzia uongo waziwazi. Mwisho alipitishwa kwa kura 85 dhidi ya 13, lakini hizo usizichukue kuwa hoja yako, kwa sababu wengi waliompitisha ndio waliopiga kura ya kuruhusu vita mwaka 2002, nao wana lao la kuficha.

Imam Nawawi amesema kuwa kutoa habari isiyo kweli huhesabiwa uongo hata kwa asiyejua, lakini dhambi humpata aliyekusudia. Shemeji yako anadai kusudio, na kusudio limo kifuani mwa mtu. Alete ushahidi kwamba Rice aliijua kweli akasema kinyume. Hana. Kwa hiyo uliposema uongo haujamthibitikia, hukukosa.

Ila na wewe nakusimamisha hapo hapo. Usivuke ukasema alitenda inavyopasa. Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na wafasiri wanapokea kwamba iliteremka pale Walid bin Uqba alipoleta habari ya uongo juu ya Banu Mustaliq, vita ikakaribia kuwashwa kwa neno lake. Mshauri wa usalama wa taifa kazi yake ndiyo hiyo ya kuchuja. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya nchi yake mwenyewe walisema mirija ile inafaa kwa roketi za kawaida, na mwaka 2004 Rice alikiri alijua kuna mabishano ingawa hakuyajua undani wake. Jambo unalojua lina mabishano hulitangazi kama limekatwa, tena la kumwaga damu. Hilo sina udhuru nalo, na sikushauri umtafutie.

Sasa kuhusu mguu. Naona, ndugu yangu, hukuwa ukimtetea Rice mezani pale. Ulikuwa ukiutetea mguu wa mwanao, kana kwamba mama yule akiwa mkweli mguu unapata maana. Hautapata kwake. Akiwa mkweli au mwongo, mtoto anaamka asubuhi na magongo yale yale, na malipo ya subira yake hayapitii Seneti. Achana na mjadala huu na shemeji yako hata kama haki iko kwako, kwa sababu kila mnapobishana anayehukumiwa mbele ya watu ni kijana aliye chumba cha pili. Nenda ukakae naye. Usimuulize habari za vita, akisema msikilize, akinyamaza nyamaza naye. Mpeleke wewe mwenyewe hospitali siku za miadi. Shemeji naye, kama ana imani, amwendee kijana kwa ajili ya yale maneno, na atangulize kumtaka radhi kabla ya kumsomea aya yoyote.

Liko suala la Mwislamu kupigana ndani ya jeshi lile. Hukuliuliza, nami sitalijibu kupitia kwako. Mwanao akitaka kulijua aniandikie mwenyewe, hata kwa Kiingereza, nitamjibu yeye peke yake. Wallahu aalam.